Gurudumu la Mbele Kulia

Harlow Mills, Michigan
6 Agosti 1916

Kaka Orrin,

Hujambo huko kwenye moshi wenu? Huku hatujambo, isipokuwa mvua imetusahau na mahindi yamejikunja majani. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini, maana najua barua zangu unazisoma umesimama, kofia kichwani.

Ni habari ya mume wangu. Mchungaji anataka Wendell awe mzee wa kanisa. Mtu mwingine angefurahi, angenunua hata kola mpya. Wendell amekataa. Nilipombana sana akaniambia kwamba mtu aliyeua hawezi kushika mkate wa Bwana akawagawia watu. Nikamwambia, "Umemuua nani wewe, hata kuku wa Krismasi unaniachia mimi?" Akasema, "Loren Bostwick." Akatoka kwenda kulisha farasi.

Miaka tisa, Orrin. Mimi nilidhani yale mashindano ya magari yameshapoa, tunayakumbuka tu mguu wake unapouma. Kumbe amekuwa akilala nayo na kuamka nayo, na mimi nalala kitanda hicho hicho sijui.

Sasa ameamua. Jumapili ya kwanza ya Oktoba tuna karamu ya upendo, na desturi yake unaijua, umekulia humo: mkate na maji vinapita, halafu kila mwenye neno moyoni anasimama analisema mbele ya wote. Wendell anataka kusimama aseme kwamba alimuua kijana wa watu kwa pupa, kwa kuliachia gari mteremkoni ili ashinde.

Shida ni kwamba hakumbuki. Tangu jioni ya siku iliyotangulia mpaka alipozinduka siku ya tatu, mguu umefungwa gango, hana kitu kichwani. Anajua alichoambiwa tu, kwamba tume ya mashindano ilisema dereva alikwenda mbio. Lakini wewe ulikuwa pale chini, darajani, saa mkononi. Uliona. Mwandikie ulichokiona. Kama alikwenda mbio, asimame atubu, nami nitakaa kando yake. Kama hakwenda mbio, mwokoe, maana anakwenda kujiita muuaji mbele ya watu anaowauzia maziwa kila asubuhi.

Nakuomba kama dada yako. Unajua siombi mara nyingi.

Almira


Detroit
19 Agosti 1916

Mdogo wangu Almira,

Umenipata. Nilikuwa nimesimama, na kofia nilikuwa nayo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kiwanda hakinipi nafasi ya kupumua. Tunatoa magari arobaini kwa siku, na wauzaji wetu wa Ohio wanalia kwamba hayatoshi. Halafu kuna mwandishi wa gazeti, mtu mmoja mwenye kalamu nyuma ya sikio, anaandika maisha yangu. Anataka kujua kila kitu: karakana ya baba ya mikokoteni, gari la kwanza tulilounda mimi na Wendell kwenye banda la kuku, siku lilipowatisha farasi wa mazishi ya mzee Pomeroy na marehemu akafika makaburini kabla ya wafiwa. Nilipomwambia hilo la mazishi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Kuhusu Wendell, mwambie ya kale tuyaache yalale. Tume ilikaa, ikasema, ikafunga kitabu chake. Barabara za mwaka ule zilikuwa vumbi na kokoto, na hakuna kati yetu aliyejua gari ni mnyama wa namna gani. Yule kijana alikuwa mwangalizi wa kampuni pinzani, kazi yake kuandika makosa yetu, na waangalizi wote walijua hatari yake walipokubali kupanda magari ya washindani wao. Hakuna haja ya mtu mzima na akili zake kusimama kanisani akawaharibia watu mkate.

Nina daktari wa mifupa hapa, bingwa kabisa, naweza kumleta auangalie mguu. Na nitawaletea gari jipya kabla ya theluji, rangi ya zambarau iliyoiva, viti vya ngozi. Wendell kama hataki kuliendesha, endesha wewe, ukamtishe mchungaji.

Wabusu watoto.

Kaka yako,
Orrin

Nimesahau. Usimsomee Wendell barua hii. Na usimruhusu asimame.


Harlow Mills
28 Agosti 1916

Shemeji,

Almira alinisomea barua yako yote, hata pale palipoandikwa asinisomee. Basi naandika mwenyewe, na mwandiko wangu unaujua, kuku aliyekanyaga wino ananishinda. Vumilia.

Asante kwa gari. Sitaki. Ng'ombe wangu hawapendi zambarau.

Mimi na wewe tulianza na nyundo mbili na farasi wa kuazima. Nilikula kwenu kabla sijamwoa dada yako, na mama yenu alinipigia kelele kama alivyokupigia wewe. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu anavyomuuliza ndugu yake, sina hila. Ulikuwa darajani. Gari lilishukaje? Niliachia breki?

Ninachokumbuka ni jioni ile ya Jonesville. Mimi na Loren tulikula pai ya matufaha pale hotelini. Yeye alikula vipande vitatu, huku ananitania kwamba gari la kampuni yake lingetupita hata likivutwa na mbuzi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kile kitabu chake cha kuandikia makosa yetu kilikuwa mezani, na kwenye ukurasa wetu hapakuwa na kosa hata moja. Alisema akirudi kwao hivyo watamfukuza kazi. Wewe hukuja kula. Tulikuwekea kipande. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Kuna jambo sijakwambia kwa sababu ungenicheka. Kila mwaka majani yakianza kuanguka naenda Coldwater kwa mama yake. Nampasulia kuni za kipindi cha baridi, naziba paa. Mwaka wa kwanza hakunifungulia mlango, nikapasua kuni nikaondoka. Mwaka wa pili alinitolea maji. Siku hizi ananipikia, na jina langu analitaja. Lakini hajawahi kuniuliza ilikuwaje, nami sijawahi kumwambia, kwa sababu sijui. Hilo ndilo linalonikaba, Orrin. Kosa langu naweza kulibeba. Ninachoshindwa ni kubeba kitu nisichojua kama ni changu.

Sitaki kusimama mbele ya watu nijisingizie. Wala sitaki kukaa kimya nikijificha. Nijibu ndiyo au hapana. Ukisema nilikwenda mbio nitakubali, na sitakuchukia kwa kuniambia.

Wendell


Detroit
9 Septemba 1916

Shemeji,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Darajani nilikuwepo, ni kweli. Vumbi lilikuwa jingi. Nilichoona ni kwamba gari lilikuwa na mwendo. Ukitaka niseme, basi ndiyo, ulikuwa na mwendo kidogo zaidi ya tulivyopanga. Si sana. Mtu yeyote angefanya vile, maana tulikuwa tunaongoza, na mimi ndiye niliyekuwa nakuhimiza siku zote. Hata lawama, nigawie nusu yake.

Sasa umejua. Usimwandikie mtu, usisimame popote. Kaa na mke wako na ng'ombe wako. Ulifanya ulichoweza.

Orrin


Harlow Mills
20 Septemba 1916

Kaka,

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Wendell aliisoma zizini, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akamalizia kukamua. Wakati wa chakula akasema, "Basi ni kweli," halafu akaomba chumvi. Mimi nilitaka alie, au avunje sahani, nipate kitu cha kuokota.

Tangu siku hiyo amekuwa mpole kwa namna isiyonipendeza, kama mtu aliyekwishafunga mizigo. Ameacha kufundisha shule ya Jumapili. Wale watoto kumi na wawili wameambiwa watapata mwalimu mwingine, na mmoja wao amekuja kuniuliza mlangoni kama Bwana Sackrider anaumwa. Maneno ya kusema siku ya karamu ameshayaandika. Aliniomba nimsahihishie. Nimesahihisha maandishi tu, maneno yenyewe sikuweza kuyagusa.

Na Mama Loren pia amemwandikia. Hakutaka mama huyo asikie kwa watu. Amemwambia, nakunukulia kama nilivyoona: "Nilimuua mwanao kwa pupa. Shemeji yangu Orrin Vantuyl aliona kwa macho yake, naye si mtu wa kusema uongo." Ameipeleka posta jana mwenyewe, kwa miguu, na unajua kutoka kwetu hadi posta ni mbali kwa mguu ule.

Nakushukuru kwa kusema kweli. Nimejilazimisha kushukuru, na leo nimeweza.

Ile makala ya gazeti imefika. Picha ni nzuri, ingawa tumbo limetangulia. Niliwasomea watoto pale unapoeleza baba alivyokuwa akiloweka magurudumu ya mikokoteni kijitoni wakati wa ukame, mbao zivimbe na spoku zikaze, ili wakulima wamalizie mavuno. Wendell alicheka. Alisema mzee angeloweka hata miguu ya meza. Hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka mwezi huu, kwa hiyo asante na kwa hilo.

Almira


Detroit
27 Septemba 1916

Wendell, na Almira,

Naituma kwa posta ya haraka ili ifike kabla ya Jumapili. Wendell, isome mpaka mwisho.

Nilikudanganya. Hukwenda mbio. Ulishuka taratibu, mguu kwenye breki, nilizisikia breki zikilia tangu juu ya kilima. Gurudumu la mbele kulia lilivunjika, na mimi nilijua lina ufa.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu kama cha mwaka huu. Tulipofika Jonesville nililizunguka gari, na lile gurudumu likalia nilipolitikisa. Mbao zilikuwa zimesinyaa, spoku zimelegea. Kulibadilisha kungetunyima alama, kwa sababu Loren angeliandika kwenye kitabu chake, ndiyo kazi iliyomleta, na tulikuwa hatuna kosa hata moja. Ninyi mlipoingia kula nililifungua, jua bado halijazama, nikaliviringisha mpaka bwawa la kinu, nikalilaza majini. Nilifanya kwa mazoea. Nimefanya hivyo tangu nina miaka minane, na baba alifanya, na babu. Mtengeneza mikokoteni yeyote wa Michigan angefanya vile bila kuwaza mara mbili, na mkokoteni wake ungefika nyumbani, kwa sababu unakwenda mwendo wa farasi aliyechoka. Mimi nilikuwa natengeneza magari huku akili yangu bado iko kwenye mikokoteni. Kama ingekuwa hilo tu, ningesema ni ujinga, na mjinga husamehewa.

Lakini ufa niliuona. Spoku ya tatu kutoka kwenye vali ya tairi, karibu na kitovu cha gurudumu, mwembamba kama unywele. Niliupitisha ukucha. Baada ya saa nzima majini mbao zilivimba na ufa ukajifumba. Nikaufuta, nikaupaka mafuta ya kitani, nikalirudisha gurudumu mahali pake, nikanawa mikono. Asubuhi Loren alipita akigonga magurudumu yote kwa spana, na lile lilitoa mlio mzuri kuliko mengine. Akaniambia, "Bwana Vantuyl, hili nalo nitalitafutia kosa wapi?" Akaandika sawa.

Jua lilikausha yale maji kufikia saa tano, ufa ukafunguka tena. Mlipoingia ile kona ya mteremko wa Pickett, uzito wote ukalala upande wa kulia, spoku zikakatika. Hukukosea kitu. Hata kona uliipiga vizuri.

Kuna zaidi. Kabla tume haijafika nilikusanya vipande vya spoku. Watu waliona napiga magoti pale, wakadhani naomba. Nilivichoma kwenye jiko la hoteli. Tume iliponiuliza nikasema gurudumu lilivunjika kwa kugonga ukingo, kwa sababu ya mwendo. Wewe ulikuwa umelala huna fahamu. Nikajiambia, akifa haitamdhuru, akipona nitamwambia. Ukapona. Nikajiambia, nitamwambia akiuliza. Magari yetu mawili mengine yalimaliza bila kosa, na kila gari nililouza tangu siku ile limeuzwa kwa sifa ya yale mashindano. Kiwanda kikafika watu mia sita. Nikaanza kujiambia nanyamaza kwa ajili ya hao watu mia sita na watoto wao, na kuna siku niliamini.

Ukauliza. Uliandika ndiyo au hapana. Nikakaa na karatasi mbele yangu, nikachagua uongo tena, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mtu aliyeniwekea kipande cha pai. Naona aibu kuandika hivi. Nilipenda kuitwa fundi asiyekosea, hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sijaiona.

Usisimame Jumapili. Damu ile si yako.

Orrin


Harlow Mills
4 Oktoba 1916

Orrin,

Hapo juu sikuandika kaka, na sikusahau.

Barua yako ilifika Jumamosi saa nne. Wendell aliisoma mara tatu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya zizi akalia, mimi nimesimama na aproni yangu yenye unga sijui nimshike wapi. Miaka tisa sijamwona akilia. Alikuwa anasema, "Nilikanyaga breki, Mira. Nilikuwa nimekanyaga breki." Alirudia hivyo mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama.

Jumapili alisimama. Nilimvuta koti nikamwambia kaa, hakukaa. Alisema, "Nilikuwa na maneno mengine mfukoni. Jana nimeambiwa kwamba si mimi niliyemuua Loren Bostwick. Namshukuru Mungu. Sina zaidi." Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa ni nani?" Wendell akajibu, "Mwenyewe atasema akiwa tayari." Nilishafungua mdomo nikutaje mimi, akaniminya mkono hata leo una alama.

Sasa sikia yaliyofuata. Hapa kijijini wanasema Wendell amejisafisha. Wanasema anautaka uzee wa kanisa, ndiyo maana ametunga hadithi. Hiram Tuthill wa ghala la nafaka alimuuliza mbele ya watu, "Kwani siku ile aliyeshika usukani alikuwa farasi?" Watu wakacheka, na Wendell akalipa gunia lake akaondoka. Zamani walimwona mtu aliyepata ajali. Sasa wanamwona mwongo.

Mguu ule nimeukanda mimi miaka tisa, kila baridi ikiingia. Umekula mezani kwangu kila Sikukuu ya Shukrani. Umemwona akipanda ngazi kwa makalio kwa sababu goti halikunji, na ukamwomba akupitishie viazi. Nataka kujua ulimezaje. Usinijibu, sitaki barua ya kunieleza. Nilitaka kuuliza tu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha, akaumbuka mwenzio.

Ile barua ya Wendell bado iko kwa Mama Loren, na inasema wewe si mtu wa kusema uongo. Nenda kwake. Usimwandikie. Nenda na miguu yako umwambie usoni.

Almira Sackrider


Detroit
21 Oktoba 1916

Almira, na Wendell kama atakubali kusoma,

Nimekwenda Coldwater. Mama Loren alikuwa barazani anamenya maharage. Nilipotaja jina langu akasema, "Wewe ndiye shahidi." Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyefanya. Nikamweleza bwawa, ufa, mafuta, jiko la hoteli. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Loren aligonga hilo gurudumu kwa mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na akakuamini?" Nikasema ndiyo. Akachukua bakuli lake akaingia ndani, nikasikia komeo. Nilisimama pale barazani muda mrefu. Kulikuwa na maganda ya maharage sakafuni, nikayaokota nikayaweka kwenye ndoo, sijui kwa nini.

Nikarudi nikawaambia wakurugenzi kwamba nataka kuyasema haya gazetini. Hawakupiga kelele. Wakili alisema kwa upole kwamba mambo ya miaka tisa hayamfai mtu, na kwamba bila shaka nimechoka. Wakanipa nichague kiti au mdomo. Nilikaa na swali hilo siku mbili nzima, Almira, na usidhani nilikuwa shujaa. Nilikipenda kile kiti. Jana nimewaachia. Gazeti halikuchapisha nilichowapelekea. Leo limechapisha kwamba nimestaafu kwa sababu ya afya. Tume nayo ilivunjwa zamani, wenyewe wametawanyika, wengine wamekufa. Nilipotaka kusema, sikuona tena mtu wa kuniuliza.

Kwa hiyo nimeandika yote kwenye karatasi, nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nimeiweka humu. Mpeni mchungaji aisome kanisani. Mwonyesheni na huyo Tuthill.

Wendell, ningekuomba msamaha, lakini sioni nikuombe kwa kinywa gani. Kama msamaha upo, niambie. Kama haupo, niambie pia.

Orrin


Harlow Mills
5 Novemba 1916

Orrin,

Nimerudi Coldwater juzi. Mwaka huu nilichelewa kwa sababu sikujua kama bado nina sababu ya kwenda. Nilikuta magogo yamelala uani, nikachukua shoka. Mama Loren akatoka na shali lake, akanitazama, akasema, "Nilidhani hutakuja tena, kwa kuwa si wewe." Nikamwambia baridi inakuja vilevile. Baadaye akaniita ndani tukala supu ya maharage. Akaniuliza kama nimekusamehe. Nikamwambia bado. Akasema na yeye bado. Akaniongezea supu.

Umeuliza, basi hilo ndilo jibu.

Karatasi yako nairudisha, imo humu ndani. Mchungaji hajaiona, wala Tuthill. Uongo ulinitumia kwa posta, shemeji, na kweli ukanitumia kwa posta, usije ukauona uso wangu nikisoma. Watu wa hapa hawataamini karatasi inayotoka mfukoni mwangu. Watasema nimeiandika mimi, hata kama mwandiko wangu wanaufahamu. Na Almira anasema ameshachoka na bahasha zako.

Karamu nyingine ya upendo ni Januari, tarehe saba. Njoo. Almira hataki ulale kwetu, na sitagombana naye kwa hilo, kuna vyumba vya kupanga kwa Bibi Quimby. Mama Loren atakuwepo, ameomba mwenyewe. Atakaa kati yangu na Almira. Wewe utakaa benchi la mbele, peke yako, mpaka mkate na maji vimalize kupita. Ndipo usimame useme gurudumu lipi, spoku ipi, jiko lipi. Wale watu mia sita usiwataje.

Baada ya hapo sijui nitakuwa na nini moyoni. Sikuahidi kitu. Kuna siku nakuonea huruma na kuna siku nashika nyundo naiweka chini. Almira anazo za nyundo tu kwa sasa.

Panda treni ya asubuhi, ya jioni inachelewa na theluji. Nitakuwa stesheni. Begi lako nitalipokea. Mkono sitakupa.

Wendell Sackrider